Kiraka cha Programu Isiyo na Mwenyewe

8 Februari

Chokochoko, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeamua kuipokea mapema. Huku hatujambo. Baba yako goti limeanza kumheshimu tangu aache kubishana na daktari. Binamu yako amejifungua salama mtoto wa kike, na mtoto ana sauti, mama! Hata mimi namsikia.

Umelalamika kwamba sipokei simu. Napokea, mwanangu, ila sisikii. Mashine ya kukatia imeyala masikio yangu kidogo kidogo miaka yote hii. Ukiongea kwenye simu nabaki kusema “eeh, eeh”, halafu nakuja kuambiwa nimeahidi kusimamia harusi ya mtu nisiyemjua. Basi tuandikiane.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini. Unakijua chumba chetu cha ukataji, meza zake ndefu, majora yamelazwa ukutani, vumbi la pamba kila mahali. Kabla hatujashika mkasi, kompyuta hupanga vipande vyote juu ya kitambaa, mikono, kola, mifuko, ili kitambaa kisipotee. Inatoa ramani, sisi tunaifuata. Programu yenyewe tunaiita Mpangaji, na ni ya zamani kuliko wakataji wengine humu ndani.

Mwaka huu kiwanda kimepata zabuni ya sare za wauguzi, saizi zote kuanzia sindano hadi pipa. Ramani ni nyingi. Kompyuta ya zamani ilikuwa inapanga moja kuanzia asubuhi mpaka mchana. Mkurugenzi akaona tunachelewa, akaleta mpya yenye prosesa kumi na sita, akaizindua kwa hotuba. Basi hiyo mpya inapanga ramani moja asubuhi mpaka jioni! Kijana ameshindwa na kikongwe.

Mkurugenzi amesema wazi: sare zisipokwisha kukatwa mwishoni mwa Juni, ukataji wote utahamia kiwanda dada na chumba chetu kitafungwa. Mimi na wenzangu tutarudi nyumbani. Mimi binafsi sina wasiwasi.

Tunaye fundi wa kompyuta. Jina lake la kazi ni Zima-Washa, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Amezima, amewasha, hakufua dafu. Mkurugenzi alimtafuta hadi yule aliyekuwa mwenye kampuni iliyotengeneza Mpangaji. Yule bwana akasema kampuni ilikufa, maandishi ya asili ya programu hayajulikani yalipo, tufanye tutakavyo. Hapo nikanyoosha mkono nikasema nina mtoto wa kaka yangu aliyekuwa anafungua redio zangu nikienda kazini. Mkurugenzi akacheka, akanipa ruhusa.

Nimekutumia Mpangaji kwenye flashi. Nimeishonea kifuko cha kitambaa ili isivunjike njiani. Mtandao wa kiwandani ni wa ofisi ya mkurugenzi tu, na kompyuta yetu haijawahi kuugusa.

Shangazi yako

27 Februari

Shangazi wangu,

Shikamoo. Hiyo ya kwanza uliyoipokea bila kutumwa iwekee akiba. Mwambie binamu hongera sana, na baba mwambie aendelee kumtii daktari hivyo hivyo. Mimi ni mzima kabisa. Kazi zinaendelea. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha, tumia hiyo, ofisini barua zinapotea.

Kifuko kimefika na Mpangaji nimemfungua. Nikueleze kwanza ugumu uko wapi. Programu huandikwa na mtu kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma. Ikishakamilika inageuzwa kuwa namba tupu, na mashine inafuata namba hizo. Nyinyi mna namba tu. Maneno yake yamepotea, kwa hiyo hakuna pa kurekebisha. Ni sawa na kupewa gauni lililokwisha kushonwa, ukaambiwa pateni, ile karatasi ya kukatia, imeungua. Lakini gauni linafumulika, Shangazi. Nimekaa naye Mpangaji nikimfumua amri moja moja.

Rafiki yangu wa chuo ananiruhusu mchana kutumia kompyuta kubwa ya maabara yao. Nilimwasha Mpangaji humo, nikaangalia prosesa zote kumi na sita. Zote zilikuwa zinachemka! Ukiangalia juu juu utasema hapa pana kazi. Kumbe ni vibarua kumi na sita wanaogombea mlango mmoja wenye kufuli moja. Mmoja akiwa ndani, kumi na watano wako nje wanatingisha kitasa. Wakiwa wawili, kama kwenye kompyuta yenu ya zamani, foleni ni fupi na kazi inakwenda. Wakiwa kumi na sita, siku nzima inaishia kwenye kusukumana. Ndiyo maana mpya inashindwa na kongwe.

Nilipekua mpaka nikalipata kufuli, nikaling'oa. Hapa maabara Mpangaji anaruka, nami nimekuwekea humu kwenye flashi yangu. Wenzako waambie wakunjue majora, kazi imekwisha. Na huyo Zima-Washa mpe pole.

Chokochoko

20 Machi

Chokochoko,

Marahaba, na salamu zako zimefika kwa wote. Mtoto wa binamu yako anaongezeka uzito kila akitazamwa. Baba yako anauliza kwa nini hujaja kututembelea, nimemwambia kazi zimekubana.

Sasa kaa, nikusute.

Flashi yako ilifika tukiwa wote chumbani. Zima-Washa akaiingiza, ramani ikatoka kabla chai haijapoa. Watu wakapiga makofi, mama wa meza ya tatu akapiga na vigelegele. Mimi nikatembea kati ya meza kama mama wa bwana harusi. Tukaichapa ile ramani kwenye karatasi ndefu, tukaitandaza juu ya kitambaa, tukainama kuitazama.

Kola imelalia mkono. Mifuko miwili imepandana. Paja la suruali ya saizi kubwa limepita katikati ya mgongo wa blauzi. Tungefuata ramani ile, wauguzi wangevaa nguo za vichekesho. Zima-Washa alicheka hadi akaegemea ukuta, na mimi niliyemtangaza fundi wangu kwa kila mtu nikakosa pa kuuficha uso.

Haraka haraka haina baraka, na hili nilikwambia ukiwa mdogo uliporudisha redio yangu bila kitufe cha sauti. Uling'oa kufuli bila kuuliza lilikuwa linalinda nini. Nimekukunjia kipande cha ramani hiyo humu, kibandike ukutani ukitazame kila asubuhi.

Na jambo lingine. Umesema unakwenda maabara ya watu mchana. Anwani ya nyuma ya bahasha si ya ofisi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuulizi kitu.

Jaribu tena. Muda upo.

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na nimesutika. Kipande cha ramani nimekibandika. Kila nikinywa chai naitazama ile kola juu ya ule mkono na chai inakosa sukari.

Swali ambalo hukuliuliza nimelisikia. Tuendelee na kazi.

Umenigonga mahali penyewe: kufuli lilikuwa linalinda nini? Nimerudi nyuma nikamfumua Mpangaji upya, safari hii taratibu. Makufuli ni mawili, Shangazi, na yamefungwa kwa amri zinazofanana mno. La kwanza linalinda ramani yenyewe. Kibarua akipata mahali pazuri pa kulaza kipande anaingia peke yake, anakilaza, anatoka, ili mwenzake asilaze chake hapo hapo. Hilo nilitakiwa kulinyenyekea, nami ndilo nililong'oa. Tena halina foleni hata kidogo, maana mahali pazuri hapapatikani kila dakika. Kazi ilionekana kuruka kwa sababu vipande vilivyopandana havihitaji kutafutiwa nafasi.

La pili ndilo adui. Kila kibarua akishajaribu kipande, kimekaa au hakijakaa, anakwenda kwenye kaunta moja kuongeza moja, kwamba jaribio limefanyika. Majaribio ni maelfu kwa maelfu, na kila mara anafungua kufuli, anaongeza moja, anafunga. Wote kumi na sita wanashinda hapo. Hawapangi nguo, wanajiandikisha!

Basi kufuli la ramani nimelirudisha lilivyokuwa. Kuhusu hilo la kaunta, ile amri inayosema “nenda ukajiandikishe” nimeifuta, mahali pake nimeweka amri zinazosema “usifanye kitu”, kwa urefu ule ule. Urefu ni lazima ulingane. Nikipunguza namba hata moja, zote zinazofuata zinasogea na programu nzima inaporomoka.

Sikushangilia mapema. Nimepanga ramani za saizi zote na kupitisha jicho kipande kwa kipande, nikampa na rafiki yangu apitie. Hakuna kilichomgusa mwenzake. Na inaruka kweli, Shangazi, kwa haki safari hii. Flashi iko kwenye kifuko chako kile kile.

Hujaniambia wenzako wanaendeleaje.

Chokochoko

2 Mei

Chokochoko mwanangu,

Marahaba. Nyumbani ni wazima.

Kiraka chako kimefika na hakikufanya kazi. Tulimwasha Mpangaji, tukakaa tukitazama kile kioo kidogo kinachoonyesha asilimia ya kazi iliyokwisha. Ikasema sifuri. Siku zote namba ile hupanda hata kama ni kwa kujivuta, na sisi ndiyo tunayopimia siku yetu. Safari hii ilikaa sifuri kama imegandishwa. Hata dakika chache hazijapita, Zima-Washa akasema amekufa huyu, akazima, akawasha. Sifuri. Akazima tena. Tulishinda hivyo hivyo mpaka watu wakachoka, tukarudi kwenye Mpangaji wa zamani.

Umeuliza kuhusu wenzangu. Tangazo la kufunga chumba lilibandikwa mlangoni tangu katikati ya Machi. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa na kazi yako. Meza ya mwisho haina watu tena, mama wa meza ya tatu ameniambia anatafuta kibanda cha kushonea mitaani. Na mimi nilisema sina wasiwasi, lakini jana nimekusanya chaki zangu nikaziweka kwenye mkoba. Naogopa, mwanangu. Sijui kazi nyingine, na kwa masikio haya hakuna atakayenichukua.

Wewe umefanya uwezalo. Programu isiyo na mwenyewe ni vigumu kuitibu. Pumzika sasa.

Shangazi yako

10 Mei

Shangazi! Shangazi!

Shikamoo ya kukimbia. Hii nimeituma kwa basi la asubuhi ili ifike haraka. Zirudishe chaki zako mezani!

Hakufa! Mpangaji yuko hai! Mnamnyonga mzima! Namba imeganda kwenye sifuri kwa sababu nimemwondoa yule anayehesabu. Ile kaunta waliyokuwa wanaisongamania ndiyo inayolisha kioo chenu cha asilimia. Vibarua wameacha kujiandikisha, kioo hakina cha kuonyesha, lakini kazi inakwenda kwa mbio zote kule ndani. Kila mlipomwona sifuri mkamzima, yeye alikuwa amebakiza kidogo amalize!

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikalia kabisa nilipofika kwenye chaki. Mimi humu maabara namwasha Mpangaji bila kile kioo, sikuwahi hata kukumbuka kipo. Nimewafanyia watu kazi bila kuwauliza wanatazama nini wakifanya kazi.

Ningeweza kukuandikia tu, “msiitazame namba, mfungeni Zima-Washa mikono.” Lakini mtu aliyekaa mezani na tangazo mlangoni ana haki ya kuona kazi yake inasogea. Kwa hiyo nimefanya kiraka kingine, kiko kwenye flashi humu ndani. Nilitaka kibarua ajiandikishe mara moja tu kila baada ya majaribio elfu moja. Amri za kufanya hivyo ni ndefu kuliko nafasi niliyokuwa nayo, na nimeshakueleza kwamba hakuna ruhusa ya kusukuma kitu. Nikazunguka humo ndani kama anayetafuta chenji mfukoni, nikakuta onyo refu kuhusu printa ambayo haitengenezwi tena duniani. Nikalifuta lote, nikaweka amri zangu hapo. Kibarua akifika pale pa zamani anaelekezwa huku, anatazama kama elfu imetimia. Haijatimia, anarudi kazini. Imetimia, anakwenda kuongeza elfu yote kwa mkupuo. Foleni imekwisha na namba inapanda. Inapanda vizuri, utaipenda.

Na kwa kuwa wewe umesema yako, mimi niseme yangu. Unga ulimwagika Januari. Ofisi ilipunguza watu na mimi nikawa miongoni mwao. Sikukuambia kwa sababu ni wewe uliyenisomesha kwa mkasi huo huo, nikaona haya. Ulijua tangu anwani, na ulininyamazia. Asante.

Sasa waite wenzako, na Zima-Washa awepo.

Chokochoko

29 Mei

Chokochoko wangu,

Marahaba mara nyingi kadiri unavyotaka. Nyumbani wote wazima, mtoto wa binamu yako ameanza kucheka, nami nitakueleza kila kitu kwa mpangilio.

Barua yako niliisoma kwa sauti chumbani, nikaruka ile sehemu yako mwenyewe. Zima-Washa alisikiliza, uso ukamshuka. Akasema, “Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namuua?”

Nikamwambia, “Ulikuwa unamtibu. Sasa keti.”

“Nitakaa na mikono nyuma,” akasema, na kweli akaketi na mikono nyuma kama yuko darasani.

Tukawasha. Kioo kikasema sifuri. Mwanangu, chumba kizima tulikiinamia. Mama wa meza ya tatu, ambaye alikuja kuchukua vyombo vyake tu, alinishika bega hadi likauma. Halafu namba ikaruka. Haikupanda moja moja kama zamani, ilikwenda kwa mafungu, tano, tisa, kumi na nne, na kila ikiruka watu wanaitaja kwa pamoja. Ilipopita hamsini hapakuwa na mtu aliyeketi isipokuwa Zima-Washa, na yeye alikuwa anaomba, “Jamani niruhusuni nisimame.” Ikafika mia. Chai yangu nilikuwa sijaigusa, nikainywa ikiwa ya moto.

Hatukupiga makofi. Tulishakoma na ile kola. Tukachapa ramani, tukaitandaza, kila mtu akachukua upande wake, tukapita na vidole kipande kwa kipande. Safi. Mikono mahali pake, mifuko mahali pake, na kitambaa kilichosalia pembeni ni chembamba huwezi kushonea hata leso. Hapo ndipo tulipopiga kelele. Hata ghalani walisikia, wakaja kuuliza nani amefariki.

Mkurugenzi naye akashuka. Nikamwambia, “Tuombe ramani nyingine mbele yako.” Tukaomba, ikatoka akiwa bado anauliza maswali. Akaomba ya tatu mwenyewe. Kufikia jioni tulikuwa na ramani za wiki nzima zimening'inia ukutani na wakataji hawatoshi. Tangu nianze kazi sijawahi kuona kompyuta ikitungoja sisi! Nilikaa juu ya jora nikalia mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Mkurugenzi akarudi ofisini kwake. Tangazo bado liko mlangoni. Lakini sisi tunakata.

Kuhusu unga wako uliomwagika: ulinisomesha pia mimi safari hii, kwa hiyo hatudaiani. Usinifiche tena.

Shangazi yako

14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta, watu wananipita. Nilipofika pale mnapotaja namba kwa pamoja nilipiga ukelele, mzee mmoja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia nimeshinda zaidi. Nimemwita rafiki yangu wa maabara, tumeisoma upya wote wawili.

Nitajigamba leo tu. Programu ambayo mwenyewe amekufa, maandishi yake yamepotea, na kila mtu ameikatia tamaa, nimeiingia kwa mikono mitupu nikaifundisha kutumia prosesa kumi na sita. Nimemaliza kujigamba. Hapana, ngoja. Kwa onyo la printa! Basi.

Mjue kwamba kiraka hakiwezi kukata kitambaa. Hiyo ni mikasi yenu. Nahesabu siku nanyi hadi mwisho wa mwezi, silali vizuri. Niandikie hata kama ni mstari mmoja: tangazo limetoka au halijatoka?

Chokochoko

1 Julai

Chokochoko mwanangu,

Marahaba. Wote wazima, salamu baadaye.

Tumemaliza. Furushi la mwisho la sare lilifungwa kamba siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Walioondoka walirudi mmoja mmoja bila kuitwa, waliposikia tunakata. Mama wa meza ya tatu alikata kwa kasi ambayo nilidhani ameikopa kwa mtu. Zima-Washa aliacha kompyuta akabeba majora mabegani, akasema hiyo angalau haihitaji kuzimwa.

Jana mkurugenzi alikuja na meneja wa kiwanda dada. Tukasimama kwenye meza zetu. Meneja akasema wao nao wanamtumia Mpangaji huyo huyo, wamenunua kompyuta kama yetu, na imewapiga chenga kama ilivyotupiga sisi. Kazi zimewalalia. Meneja akauliza, “Aliyewatengenezea yuko wapi?”

Nikajibu, “Yuko nyumbani. Anataka aitwe kwa heshima.”

Akatoa kalamu hapo hapo. Barua yake ya kukuita kazini nimeiweka humu ndani, na mkurugenzi wetu ameandika yake pembeni ili asipitwe. Chagua mwenyewe, wala usiwajibu leo. Waache wangoje kidogo, nao waijue foleni ilivyo.

Halafu mkurugenzi akaenda mlangoni, akalibandua tangazo kwa mkono wake, likachanika nusu, akarudi kubandua na nusu iliyobaki. Akasema mpango umegeuzwa. Hatuhamii kwao. Kuanzia Jumatatu ukataji wa viwanda vyote viwili utafanyika kwetu, na lori lao la kwanza la majora linakuja alfajiri hiyo.

Nimeomba niwe mimi wa kufungua mlango.

Shangazi yako